Ujiji: Bandari Iliyoandikwa na Wapita Njia

Katika mazungumzo juu ya utamaduni wa taifa letu, bandari za pwani zimepata sehemu yao, tena nono. Kilwa, Bagamoyo na Unguja zimeandikiwa vitabu, zimetungiwa tenzi, na kila mtoto wa shule ayajua majina yake. Bandari za bara hazikupata bahati hiyo. Katika makala haya tumekusudia kuitazama moja tu, nayo ni Ujiji, iliyo katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Hatutaitazama kwa jicho la mwanahistoria, kwani kazi hiyo ina wenyewe. Tutaitazama kwa jicho la msomaji wa maandishi na mtunzi wa mashairi. Swali letu ni hili: Ujiji imeandikwaje, imeandikwa na nani, na ni akina nani walioachwa ufukoni kila mara chombo kilipong'oa nanga?

Hapana budi tuanze kwa kukiri jambo. Sisi wenyewe tu miongoni mwa walioiandika Ujiji vibaya. Tulipohamishiwa mkoani Kigoma katika miaka ya 1990, tungali vijana katika utumishi wa serikali, tuliombwa kutunga shairi la kusomwa mbele ya wageni katika bustani ya ukumbusho wa Livingstone na Stanley. Tukatunga. Lilikuwa na beti 12, mizani 16 kila mshororo, kina cha kati -no na cha mwisho -ja, na hapakuwa na mshororo hata mmoja uliokwenda mrama. Mkono ukakutana na mkono, ukawa mfano. Wawili wakawa pamoja, ziwa likawa daraja. Wageni wakapiga makofi. Shughuli ilipokwisha, bibi mmoja wa pale pale Ujiji, ambaye miaka 80 alikwisha kuipita, alituita kando. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, umesema vizuri. Lakini hao wawili walikuja wakaondoka. Bibi yangu mimi, aliyeshushwa hapa mtumbwini na kamba shingoni, umemweka ubeti wa ngapi?" Tulimwambia, "Utuwie radhi, bibi, hatukuambiwa." Akajibu, "Hukuuliza."

Jibu lile limetukaa kooni miaka mingi. Yatakayofuata ni jitihada ya kuuliza, ingawa tumechelewa.

Miongoni mwa Wazungu wa kwanza kuitia Ujiji katika vitabu vya Ulaya ni Richard Burton, aliyefika na mwenzake John Speke mwezi Februari 1858. Kitabu chake kilitoka mwaka 1860. Msomaji akikifuata tangu pwani huona jinsi matumaini ya mwandishi yalivyokuwa yakipanda kila kambi: alidhani atakuta mji wa bandari, wenye soko na gati, mithili ya Unguja. Alichokuta ni Kawele, vibanda vilivyotawanyika ufukoni na mitumbwi iliyovutwa juu ya mchanga. Tangu hapo kalamu yake ina kinyongo. Wajiji kwake ni wakorofi, wenye kelele na tamaa. Mkuu wao, Kannena, ni adui wa safari.

Lakini haki tumpe. Burton aliandika kila kitu alichokiona: bei ya shanga, majina ya samaki, mawese, chumvi ya Uvinza, namna mitumbwi ilivyochongwa kwa miti mikubwa ya Ugoma iliyo ng'ambo ya magharibi. Mtafiti wa leo hawezi kukiruka kitabu hicho. Kosa lake ni moja, nalo kwetu sisi washairi ni kubwa. Alisafiri ziwani siku nyingi pamoja na wapiga makasia, akawasikia wakiimba, mmoja akianzisha na wengine wakipokea, tangu alfajiri hata jua kuchwa. Akaufananisha wimbo ule na mlio wa kuomboleza, akauita kelele, akaulalamikia. Hakuandika hata neno lake moja. Huyu ni mtu aliyejua lugha nyingi kuliko vidole vya mikono yake miwili, na ambaye baadaye aliupa ulimwengu tafsiri ya Alfu Lela Ulela! Wimbo wa kasia ndio utanzu wa fasihi uliozaliwa na maji yale. Mdundo wake hupimwa na pumzi ya mtu anayefanya kazi. Aliyepata nafasi ya kuuhifadhi akaziba masikio.

Liko jambo jingine katika safari ile lipasalo kuangaliwa. Burton na Speke walikwenda kaskazini hadi Uvira kutafuta kama mto Rusizi unatoka ziwani, kwa tamaa ya kuupata mwanzo wa Nile. Wenyeji wa Uvira, wakiwamo wana wa mtawala wao, waliwaambia bila kuficha kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Neno hilo halikumaliza ubishi huko London. Ubishi ukaendelea miaka 13, hata Livingstone na Stanley walipopanda mtumbwi pale Ujiji mwezi Novemba 1871, wakaenda, wakaona mto unaingia. Tangu hapo ikawa ni ugunduzi. Kwa hiyo tusidhani kwamba tatizo la Ujiji ni la watu kutokusema. Walisema, wala hawakuhesabiwa kuwa ni mashahidi.

Na sasa tufike penye mwembe. Stanley aliandika kwamba aliingia Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, bendera ya Marekani mbele na bunduki zikilia. Hesabu ya siku ya Livingstone, ambaye maradhi na safari vilikuwa vimemvuruga, inatoa siku za mwisho za Oktoba. Salamu ile mashuhuri ya Stanley, inayokaririwa hadi leo kwa kicheko, haimo katika shajara ya Livingstone, na kurasa za shajara ya Stanley zihusuzo mkutano ule zimechanwa. Yamkini ilitungwa baadaye mezani. Hatulaumu, washairi nao hutunga baadaye mezani. Linalotushangaza ni kwamba katika maelezo ya Stanley mwenyewe, ndani ya kitabu chake cha 1872, salamu ya kwanza aliyoipata si ya Livingstone. Kabla hajamfikia, umati wa watu ulikuwa ukimwamkia kwa Kiswahili, na katikati ya umati alijitokeza mtu mweusi akamsabahi kwa Kiingereza. Huyo ni Susi, mtumishi wa Livingstone, mtu wa nchi ya Zambezi. Akatimua mbio kwenda kumpasha habari bwana wake. Mwaka 1873 ndiye huyo, pamoja na Chuma na wenzao, aliyeichukua maiti ya Livingstone tangu kijiji cha Chitambo hata Bagamoyo.

Basi palikuwa na salamu nyingi siku ile, na mbili zilizotangulia zilikuwa za Waafrika. Zikabakizwa kofia mbili. Tulipoizuru nyumba ya makumbusho tulizikuta: masanamu mawili makubwa ya Wazungu, yaliyofinyangwa kwa karatasi, yakivuliana kofia. Watoto wa shule walikuwa wameyazunguka wakicheka, nasi tukacheka nao, kwani kwa kweli yanachekesha. Lakini mmoja wa watoto aliuliza, "Na wenyeji walikuwa wapi?" Mwongoza wageni akaonyesha nje, kwenye miembe. Wenyeji walikuwa kivulini, wakitazama. Hivyo ndivyo kitabu kilivyowaweka, na nyumba ya makumbusho ikakitii kitabu.

Laiti pangetafutwa ukurasa wa kuwekwa badala ya ule, tungependekeza wa Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji Februari 1874. Naye ni mpita njia kama wengine, lakini alisimama sokoni akatazama. Anaeleza kwamba soko la Ujiji lilikuwa na fedha yake: shanga ziitwazo sofi, zenye umbo kama vipande vya kiko kilichovunjika. Soko likifunguliwa, watu wenye mifuko ya sofi huwagawia wanunuzi kwa kubadilisha na shanga za aina nyingine. Soko likifungwa, huzirudisha kwao. Hebu msomaji afikiri! Hapo pana wavunja fedha, pana kiwango cha kubadilisha, pana imani kwamba shanga niliyopokea asubuhi itapokelewa jioni. Mtu wa Uvinza na chumvi yake, mtu wa Urundi na mawese yake, mvuvi na dagaa wake, fundi wa Manyema na nguo za ukindu, wote walipimana kwa shanga moja, na maneno ya kupatana bei yalikuwa ya Kiswahili kilichochanganyika na Kiha na lugha za ng'ambo. Mji ule si kivuli cha mwembe. Ni mji wenye akili ya biashara. Walakini katika miaka yote tuliyokaa Kigoma hatukupata kuona sherehe hata moja ya kuikumbuka sofi.

Msomaji atasema: hao ni Wazungu, maandishi ya Kiswahili je? Tumeyatafuta huko pia, kwa matumaini, nayo yametupa moyo kidogo na huzuni nyingi. Tunayo maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili na kuchapwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Tunayo pia safari ya Sleman bin Mwenye Chande kwenda bara hadi Tanganyika, iliyotiwa na Carl Velten katika mkusanyo wake wa 1901. Kwa lugha, ni hazina. Sentensi zao ni fupi, zina mwendo wa msafara, hazina mapambo. Mwandishi kijana wa leo anayejaza kurasa zake vivumishi angejifunza mengi humo. Lakini ni vitabu vya wafanyabiashara. Tippu Tip hukumbuka deni kuliko mandhari. Hesabu ya frasila za pembe hubaki kichwani mwake baada ya miaka mingi, ilhali waliozibeba ni idadi tu. Ujiji kwake ni kivuko. Hata Mwinyi Kheri, aliyekuwa mkubwa wa Waswahili wa pale hata kufa kwake mwaka 1885, hakupata mwandishi wa kumweka mbele yetu kama mtu. Hapa kasumba ya Kizungu haihusiki. Huu ni upofu wetu wenyewe, wa watu wa pwani kwa watu wa bara, na wa bwana kwa mtumwa, na kuutaja tunautaja kwa uchungu kwa sababu lugha tunayoipenda ndiyo iliyoubeba.

Ndipo tunaporudi kwa yule bibi. Ujiji ilijengwa kwa sehemu kubwa na watu waliovushwa kutoka magharibi ya ziwa, wengine kwa hiari wakiwafuata wakubwa wao, wengi kwa nguvu. Wajukuu wao ndio wanaoitwa Wamanyema, na wajukuu wa waliowavusha ni majirani zao, wakwe zao, na maimamu wao. Mji wa namna hiyo hauwezi kulisema jambo hili kwa sauti kubwa bila ya kumvunjia mtu heshima. Kwa hiyo ukanyamaza, na kunyamaza kwake tunakufahamu. Lakini hapo ndipo masanamu ya kofia yanapofanya kazi yao hasa: yanasimulia habari ya utumwa pasipo mtumwa. Livingstone, aliyeona mauaji ya sokoni Nyangwe mwezi Julai 1871 na kuyaandika kwa hasira ya kweli, anafanywa kuwa ndiye mwenye habari yote. Mwaka 2006 njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ilitiwa katika orodha ya nchi yetu ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Ni hatua njema. Ila mawe na miembe hupendekezwa kwa urahisi. Kumbukumbu ya mtu aliyeshuka mtumbwini akiwa mali haina jiwe la kuwekea kibao.

Juu ya mwisho wa Ujiji kama bandari kuu tutasema kwa ufupi, maana habari zake zinajulikana. Kwanza maji yenyewe yaliihama. Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa upande wa magharibi, ulizibuka mnamo 1878, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kadhaa, hata mnara wa ukumbusho ukajikuta umesimama mbali na mawimbi. Kisha Wajerumani wakaleta reli kutoka Dar es Salaam, kilomita zipatazo 1,250, nayo mwaka 1914 haikwenda Ujiji bali Kigoma, kilomita zipatazo 8 kaskazini, penye ghuba yenye kina na kinga ya upepo. Ujiji ikabaki na mwalo wa wavuvi. Kigoma ikapata gati.

Na Kigoma nayo ikapata hadithi yake ya kigeni. Meli ya Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari na reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe Julai 1916, mitambo yake wameipaka mafuta. Waingereza wakaiopoa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini ya ziwa. Vita vile vya ziwani vikampa C. S. Forester mada ya riwaya yake ya 1935, ambayo John Huston aliifanya filamu ya 1951. Katika riwaya hiyo Mwafrika ni kama mafunjo ya mtoni: yupo, chombo kinapita kando yake. Ni riwaya ya kusisimua, hatukatai, tuliisoma usiku mmoja kwa taa ya chemli. Lakini waliobeba makasha yale mabegani hawamo.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya zamani. Mwezi Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walikusanyika Kagunga, kijiji kilicho kwenye ufuko mwembamba chini ya milima, karibu na mpaka. Kipindupindu kikawaingilia. Liemba ikatumwa kuwachukua hadi Kigoma, watu wapatao 600 kila safari. Kagunga hapakuwa na gati, kwa hiyo meli ilingoja penye kina, na watu wakapelekwa kwa mashua za wavuvi, wakapandishwa mmoja mmoja, watoto wakipokewa kwa mikono. Tulisoma habari nyingi za magazeti ya ng'ambo wakati ule. Aghalabu zilianza kwa umri wa meli, zikaendelea na Mfalme wa Wajerumani, na kuishia na filamu ya 1951. Yule aliyeshika usukani wa mashua ya uvuvi, akalaza mashua yake ubavuni mwa chuma kile katika mawimbi ya kusi, mara kumi kwa siku, hakupewa hata sentensi. Ni Burton tena, isipokuwa kwamba wimbo wa kasia safari hii ni mlio wa mashine.

Tunawadai nini basi waandishi wetu? Hatudai masanamu yavunjwe. Yaache yavuliane kofia. Historia ya mkutano ule ni yetu pia, na wageni wanaokuja kuutazama hununua dagaa wetu. Tunadai kazi mbili zilizo katika uwezo wetu. Ya kwanza ni kukusanya nyimbo za ziwani maadamu wako wazee wazijuao: za kasia, za kuvuta nyavu, za wanawake wanaoanika dagaa mchangani, hata za kutaniana baina ya mwalo na mwalo. Sisi tulizisikia Kibirizi usiku wa giza, wakati karabai zilipokuwa zikiwaka ziwani kama mji mwingine, nasi, kwa uvivu wa mtumishi aliyechoka, hatukuandika. Ya pili ni ngumu zaidi: kuandika juu ya waliovushwa kwa majina wanayokumbukwa nayo majumbani, kwa idhini ya wajukuu wao, bila ya kuwafanya vielelezo vya hotuba. Shairi la arudhi linaweza kazi hiyo. Vina havikutuzuia kusema kweli mwaka ule. Tulizuiwa na kutaka makofi.

Siku chache baada ya sherehe ile tulirudi kwa bibi na daftari. Alitupeleka mwenyewe, akitembea polepole na fimbo yake, tukaupita mnara bila ya yeye kuutupia jicho, tukateremka kwenye viunga vya mihogo baina ya nyumba na ziwa. Akasimama penye mwembe mmoja mzee usio na kibao. "Hapa palikuwa maji," akasema, akachora mstari mchangani kwa fimbo. "Mtumbwi ulikaa hivi. Alishuka huku, akateleza, wakamcheka. Alikuwa akisema hakuwahi kusahau kucheka kule." Jina la bibi yake alitutajia, akatukataza kulichapa mpaka wanawe wakubaliane. Wanawe hawajakubaliana, nasi tunalitii agizo lake, ingawa mwenyewe alikwisha kufariki.

Mwaka 2021 Ziwa Tanganyika lilipopanda na kufurika fukwe zake, tulipata nafasi ya kufika tena Ujiji. Maji yalikuwa yamevifunika viunga vya mihogo, na mvuvi mmoja alikuwa ameifunga mashua yake kwenye shina la mwembe ule. Tulimwuliza kama anajua alipofunga. Akasema anajua mti haung'oki, na kwamba sisi tusimame kushoto kidogo, anataka kushusha nyavu.